Rangi na Rangi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kijitabu cha sayansi nikitafsiri. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipokwama kwenye sentensi moja fupi, iliyotaka kumweleza mwanafunzi kwamba vitu vinavyotupa rangi ni vya aina mbili na kwamba aina hizo zisichanganywe. Waingereza wana jina kwa kila aina. Mimi nilikuwa na jina moja tu. Usiku ule, macho yakiwa mazito, niliandika hivi: "Kuna tofauti kubwa kati ya rangi na rangi." Asubuhi niliposoma nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya.

Neno rangi ni mgeni wa siku nyingi. Asili yake ni Kiajemi, na Wahindi nao wanalo, rang. Kwetu limebebeshwa mizigo minne. Rangi ni ile sifa inayoonwa na jicho: rangi ya samli, rangi ya damu ya mzee. Rangi ni kilichomo ndani ya kopo unapokwenda duka la vifaa vya ujenzi na muuzaji akakuuliza, "Ya maji au ya mafuta?" Rangi ni unga anaouyeyusha mtengeneza batiki. Na rangi ni unga mwingine, ambao mteja hauoni kamwe ukiwa peke yake, kwa sababu kiwandani umeshachanganywa na gundi pamoja na maji au mafuta ndipo ukatiwa koponi. Sokoni hakuna anayekosa usingizi kwa ajili hiyo. Ukisimama mbele ya muuza mabati ukasema unataka rangi, hakupi unga wa batiki.

Huo mzigo wa nne ndio unaoitwa pigimenti, na ndio uliokuwa ukinitesa. Neno lenyewe ni la Kilatini, pigmentum, kutokana na kitenzi pingere, kupaka au kuchora kwa rangi. Baadaye likatumika hata kwa viungo na dawa, na ndiyo sababu Wahispania wanaita pilipili manga pimienta na Wareno pimenta. Maneno ya kitaalamu yana tabia hiyo: yakionekana yamevaa suti, chunguza utayakuta yalianza maisha gengeni.

Wiki nzima ilipita kabla sijagundua kwamba nilikuwa natafuta mahali pasipo penyewe. Nilikuwa natafuta nomino, na Kiswahili kilikuwa kimeshafanya kazi yote kwenye vitenzi. Ukuta tunaupaka rangi. Kitambaa tunakitia rangi. Rangi ya ukutani ikichoka inabanduka, inabambuka, au inakuachia ungaunga begani ukiegemea. Ya nguoni inachuja. Mnunuzi wa kanga huuliza, "Hii haichuji?" na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo kuhusu geti. Ukili ukitiwa rangi tunasema imekolea. Mlango ukipakwa tunasema imekauka. Mzungumzaji asiyejua hata herufi moja ya kemia anatenganisha vitu viwili ambavyo mimi, na kamusi zangu sita mezani, nilivirundika pamoja.

Chukua bilauri mbili za maji. Ya kwanza itie udongo mwekundu uliosagwa, ncha ya kijiko tu. Ya pili itie rangi ya biriani, kiasi hicho hicho. Koroga zote mbili. Kwa dakika moja zinafanana, zote zina rangi, zote zinavutia. Ziache hadi kesho. Asubuhi utakuta udongo umetuama chini na maji ya juu yameanza kung'aa. Bilauri ya biriani iko vile vile ulivyoiacha. Udongo haukuyeyuka hata kidogo, ulikuwa umeelea tu kwa hisani ya mkono wako. Rangi ya biriani imeyeyuka, molekuli moja moja imejipenyeza kati ya maji, na hata ukiichuja kwa kitambaa haitabaki juu yake kama unga.

Basi pigimenti ni kitu chenye rangi kisichoyeyuka ndani ya kile kinachokibeba. Ni chembe, hata kama ni ndogo kuliko vumbi. Kwa kuwa haiwezi kupenya, inahitaji gundi ya kuishikilia juu ya ukuta au bati, na gundi ikizeeka chembe zinaanguka. Hapo ndipo panapotoka kubanduka. Rangi ya kutia, ile ambayo akina mama wa batiki huiita dai kama walivyoizoea kwenye "tai na dai", huyeyuka, huingia ndani ya uzi na kujishikiza huko. Isipopata pa kushika vizuri, itatoka na maji ya kwanza ya kufulia. Hapo ndipo panapotoka kuchuja.

Wazee wetu hawakukosa majina. Walikuwa nayo ya kitu kimoja kimoja. Upande wa kupaka kulikuwa na chokaa, masizi, wanja, na ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala walipigia mistari kwenye mbao. Upande wa kutia kulikuwa na hina, manjano, gome la mkandaa, na mizizi ya mdaa iliyotumika kutia weusi kwenye miyaa ya mikeka. Kilichokosekana ni jina la ukoo tu. Na jina la ukoo huhitajika siku unapotaka kuandika kitabu; siku ya kusuka mkeka hulihitaji.

Ngeu inastahili maneno zaidi. Wekundu wake ni chuma kilichoshika oksijeni, yaani kutu kwa lugha ya nyumbani. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makombe ya bahari yaliyotumika kuchanganyia udongo huo yapata miaka 100,000 iliyopita, pamoja na mawe ya kusagia. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi yake imepakwa kwa wekundu huo huo. Wamasai hujipaka wakiuchanganya na mafuta, na Olkaria, kule Naivasha kunakozalishwa umeme wa mvuke, imepata jina lake kutokana na neno lao la udongo huo. Halafu nenda kwa fundi wa kuchomelea mageti mtaani kwenu. Kabla ya kupaka rangi anayoitaka mwenye nyumba, anapaka kwanza ile nyekundu iliyofifia anayoiita redioksaidi. Ni kitu kile kile, tofauti ni kwamba hiki kimetengenezwa kiwandani. Katika orodha ya kimataifa ya vitu vya rangi, ya kuchimbwa ina namba PR 102 na ya kiwandani PR 101, kama watoto waliofuatana kuzaliwa.

Haipauki kwa jua. Haiwezi, maana imeshaungua kiasi cha kuungua.

Nili ndiyo iliyonifundisha kwamba mpaka kati ya kupaka na kutia una mlango. Waliosoma shule za bweni wataikumbuka: kijipande cha bluu kinafungwa ndani ya kitambaa, kinazungushwa kwenye beseni la maji ya mwisho, mashati meupe yanazamishwa na kutoka yakiwa meupe zaidi. Sababu ni kwamba pamba ikizeeka huelekea umanjano, na bluu kidogo hulidanganya jicho. Mtoto mvivu asiyefunga nili kwenye kitambaa alijulikana Jumatatu asubuhi mstarini, kwa madoadoa mgongoni. Yale madoadoa ndiyo ushahidi. Nili ya kufulia haiyeyuki. Ni chembe, na kile kitambaa kilikuwa chujio.

Lakini jina nili halikuzaliwa na kitu hicho. Kwa asili ni la Kisanskriti, nila, na Waarabu na Waajemi nao wakalishika, likimaanisha bluu itokayo kwenye majani ya mmea, ambao sisi tuliuita mnili. Ile ya beseni ni kitu kingine kabisa, ultramarini, ambayo zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, na kuuzwa Ulaya kwa bei iliyokaribia dhahabu. Jina lake lina maana ya "ng'ambo ya bahari", kwa sababu Wazungu walijua tu kwamba inatoka huko. Mwaka 1824 chama kimoja cha viwanda cha Ufaransa kiliahidi faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei nafuu, na mwaka 1828 zawadi ilikwenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Kuanzia hapo bluu iliyokuwa ya kupakia vazi la Bikira Maria makanisani ikashuka bei hadi kwenye beseni la mwanafunzi. Kiswahili kilipoikuta dukani hakikuhangaika. Ni bluu, inatiwa nguoni, basi ni nili. Jina la mmea likahamia kwenye jiwe.

Nili ya mmea nayo ina vituko vyake. Ukiitoa majani na kuikausha, inakuwa unga usioyeyuka kwenye maji. Kwa maana ile ya bilauri, ni pigimenti. Ukiitumbukiza kwenye pipa pamoja na nguo, nguo inatoka na vumbi tu. Watu wa Kano, Nigeria, ambako mashimo ya kutilia nili ya Kofar Mata yanahesabiwa kuwepo tangu 1498, huiacha ichachuke pamoja na majivu mpaka inyang'anywe oksijeni, na hapo ndipo inapokubali kuyeyuka. Nguo inazamishwa, inatolewa ikiwa na rangi ya umanjano wa kijani, na hewa ikiipiga inageuka bluu mbele ya macho yako.

Nilidhani hilo ni la Kano na la vitabuni, hadi nilipokwenda kwenye karakana ndogo ya batiki pembeni ya Dar es Salaam. Mama mwenye karakana alikuwa amevaa glavu za jikoni zilizotoboka kidole kimoja. Alikoroga rangi ya unga kwenye maji ya moto, akaongeza kostiki soda, kisha unga mweupe anaouita haidro, ambao harufu yake ilinikaba pua. Akazamisha kitambaa chenye mistari ya nta ya mishumaa, akahesabu dakika kwa simu, akakiinua. Kilikuwa na rangi ya maji ya mboga yaliyochacha.

"Mama, nadhani imeharibika," nilisema.

Hakugeuka. "Hujaona kitu, mwanangu. Iache ivute hewa kwanza."

Alikitandaza kwenye kamba. Bluu ilianza pembeni, kwenye pindo, ikapanda taratibu kuelekea katikati kama wino kwenye karatasi ya kunyonya. Alikuwa hajui neno pigimenti wala hakuwa na haja nalo, lakini kazi yake yote ilikuwa kuichukua pigimenti, kuilazimisha iyeyuke kwa dakika chache ili ipenye ndani ya pamba, kisha kuiachia hewa iirudishe kuwa chembe isiyoweza kutoka tena. Batiki yake haichuji kwa sababu ilitiwa kama dai, ikabaki kama pigimenti. Ile orodha ya kimataifa niliyoitaja imelikubali jambo hili waziwazi: molekuli ya nili ina kadi upande wa rangi za kutia, Vat Blue 1, na nyingine upande wa pigimenti, Pigment Blue 66. Molekuli moja, pasipoti mbili.

Mjerumani Adolf von Baeyer ndiye aliyefumbua muundo wa molekuli hiyo, na kampuni ya BASF ikaanza kuiuza ya kiwandani mwaka 1897. Kabla yake, mwaka 1856, kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria akapata uchafu wa zambarau chupani, akaona unashika hariri. Viwanda vikubwa vya rangi na vya dawa vya Ulaya vilikulia humo. Malaria ilibaki ilipokuwa.

Msomaji makini ameshanishika: na hina je? Mbona tunasema kupaka hina, ilhali inaingia ndani ya ngozi na haibanduki? Kweli, na wapo wasemao kutia hina pia. Nadhani kinachopakwa ni ule uji wa majani. Ukishakauka unakwanguliwa na kutupwa, na kinachobaki kiganjani ni kile kilichopenya, ambacho mara moja tunakirudishia kitenzi cha rangi ya kutia: hina imekolea. Lakini piko jeusi la kisasa si ndugu wa hina. Mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD, na bibi harusi ambaye ngozi yake inaikataa huamka na malengelenge yenye umbo la maua aliyochorwa.

Weupe nao una habari yake. Weupe wa kopo la rangi na wa dawa ya meno siku hizi hutokana zaidi na pigimenti moja, titani dioksidi, inayotengenezwa kwa madini yanayofanana na mchanga mweusi. Kwale, kusini ya Mombasa, mchanga huo ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium kwa takriban miaka kumi, meli ya kwanza ikaondoka mwaka 2014, na uchimbaji ukafungwa mwishoni mwa 2024. Aliyepaka chumba chake cheupe Likoni katika miaka hiyo huenda alikuwa anakaa ndani ya ardhi ya jirani yake, iliyokwenda ng'ambo ikarudi na lebo. Kama unga huo huo unafaa kuliwa ni mjadala mwingine: Umoja wa Ulaya uliupiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022.

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini nahangaika na neno ambalo fundi halihitaji. Jibu langu ni risasi. Manjano kali ya krome, ile iliyopakwa kwenye mabembea na milango ya shule miaka na miaka, ni pigimenti ya risasi. Ikichanganywa na bluu hutoa kijani, na risasi inabaki mle mle. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Sasa mzazi anaambiwa, "Rangi ina sumu." Rangi gani? Anadhani ni harufu. Anafungua madirisha siku tatu, harufu inaisha, anaridhika. Lakini harufu ni ya kile kimiminika, kinachopaa na kwenda zake. Risasi imo kwenye chembe, na chembe haipai. Inabaki ukutani hadi siku inapobambuka na mtoto kutia kidole mdomoni, au siku fundi anapopiga msasa mkavu na kujaza chumba vumbi. Mtu asiyeweza kutenganisha kinachobeba na kinachobebwa hawezi kuielewa hatari hii. Hapo neno rangi limetuangusha, na hapo ndipo pigimenti inapolipa kodi yake.

Walimu wa biolojia watalalamika kwamba wao wanalitumia neno hili kwa namna nyingine, na wana haki. Kwao pigimenti ni kitu chochote kinachoupa mwili au mmea rangi: klorofili ya jani, melanini ya ngozi, wekundu wa choya. Hawaulizi kama kinayeyuka. Choya inayeyuka vizuri sana, ndiyo maana tuna sharubati yake, na mchoraji angeiita rangi ya kutia bila kufikiri. Sitaki kuwasuluhisha. Melanini hata hivyo inanigusa, kwa sababu haipakwi wala haitiwi, inatengenezwa na seli zetu wenyewe, na anayejipaka mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni haoshi rangi ya ngozi kama anavyodhani. Anazizuia seli zisifanye kazi yake. Vitenzi vya nguo na ukuta vinamdanganya: hakuna kinachochujika pale.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni ndogo. Nikiandika juu ya fundi, kanga au mkeka, sigusi pigimenti. Vitenzi vinatosha, na msomaji angeniona najidai. Nikiandika juu ya kilichomo koponi, ngozini au kwenye maabara, naliandika bila kuomba radhi, kwa i ya kuitamka na ngeli ya N: pigimenti hii, pigimenti hizi. Wanaopendekeza "kirangi" au "chembe rangi" siwapingi, ila la kwanza linasikika kama tusi la kitoto na la pili halimfai mwalimu wa choya.

Kijitabu kile kilichapishwa hatimaye. Sentensi yangu ya "rangi na rangi" haikunusurika. Mahali pake pameandikwa: "Pigimenti hupakwa, haiyeyuki, na ikichoka hubanduka; rangi ya kutia huyeyuka, hupenya, na isipokolea huchuja." Mhariri alitaka kuondoa "hubanduka" na "huchuja", akisema si maneno ya kisayansi. Nilikataa, na yamo hadi leo.